Namba Yangu Mmeirithi, Kadi Zangu Mmezikataa

Shela,
Malindi.

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya Majumba ya Sinema,
Nairobi.

Kwa Bw./Bi.,

MINT: KUKATALIWA KWA KADI 4 ZA VIINGILIO 40 KATIKA UKUMBI WENU WA MALINDI

Baada ya salamu, mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Malindi na mweka hazina wa chama cha kina mama wa mtaa wetu. Nimewapigia simu mara tano na kufika dirishani mara mbili. Kwa kuwa maneno ya mdomo hayakunifikisha popote, nimeona niandike.

Mwezi wa Shaabani nilinunua kadi nne za kuingilia sinema kutoka kwa kampuni iliyokuwa na ukumbi huu kabla yenu. Kila kadi ilikuwa shilingi 2,500 kwa viingilio kumi. Nilitoa shilingi 10,000 za chama, pesa zilizochangwa mia mia na kina mama wauza mahamri na washona nguo, nikapewa risiti. Kadi zenyewe ni za rangi ya manjano. Ukingoni pana viduara kumi, na kila mtu anapoingia, bawabu hutoboa kimoja. Nyuma pameandikwa kwa wino mweusi kwamba kadi haina mwisho wa muda. Ninapoandika barua hii zimo mezani mbele yangu, viduara vyote arubaini vizima, hakuna hata kimoja kilichotobolewa.

Katikati ya Ramadhani tukaona bango la zamani limeteremshwa na lenu limepandishwa. Hatukuwa na wasiwasi. Tulijua biashara hununuliwa na kuuzwa, na ukumbi ni uleule, viti ni vilevile.

Idi Pili, baada ya swala ya Alasiri, tulifika watu 40: wanawake 26 na watoto 14. Watoto walikuwa na nguo mpya, wasichana wana hina mikononi, na tangu asubuhi walikuwa wakiuliza saa. Kijana aliyekuwa dirishani alizitazama kadi, akazigeuza, akanirudishia. "Mfumo hauzitambui," akasema. Nikamwambia hizi hazihitaji mfumo, zinatobolewa tu, na kidude cha kutobolea kilikuwa palepale kando ya mkono wake. Akarudia yaleyale. Bei yenu, akaniambia, ni shilingi 450 kwa kila mtu, mtoto kwa mkubwa.

Kuwarudisha watoto nyumbani siku ya Idi hatukuweza. Tulikusanya zilizokuwamo mikobani, tukawalipia wote 14 pamoja na mama wawili wa kuwaangalia. Jumla shilingi 7,200. Wanawake 24 waliobaki walikaa nje, kwenye baraza ya duka lililo mkabala, mpaka filamu ikaisha. Miongoni mwao alikuwamo bibi wa miaka sabini na kitu aliyechanga mia yake kama wenzake. Hakulalamika. Alinishika mkono tu akaniambia, "Mwalimu, basi, tutakuja siku nyingine." Mimi ndiye niliyezipokea pesa zake, na mimi ndiye ninayeulizwa kila tukikutana kwenye kikao.

Mlangoni nako watoto walinyang'anywa mabuyu na bajia walizokuja nazo, vikatiwa kwenye ndoo. Huko ndani bisi ni shilingi 300. Hapa pwani watu wameingia sinema na mabuyu na achari tangu sijazaliwa. Kama kuna kanuni mpya, ingebandikwa ukutani nje tuisome kabla ya kulipa. Hapakuwa na tangazo lolote.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Siku ya tatu ya Idi niliipigia ile namba ya simu iliyochapwa nyuma ya kadi za manjano, namba ya kampuni ya zamani. Ilipokewa na dada mmoja, akanikaribisha kwa jina la kampuni yenu. Nikamweleza shida yangu. Akanijibu kwamba kadi ziliuzwa na kampuni ya awali, kwa hiyo niitafute kampuni ya awali. Nikamuuliza nitaitafuta wapi, ilhali nimepiga namba yao na aliyepokea ni yeye? Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nisubiri laini. Nilisubiri mpaka salio likaisha.

Jioni ileile nikapata ujumbe kwenye simu: "Mpendwa mteja wetu," mkinitangazia filamu za wiki. Namba yangu sikuwahi kuwapa nyinyi. Niliiandika mara moja tu, kwenye fomu niliyojaza siku niliponunua zile kadi. Maana yake ni kwamba fomu yangu iko kwenu. Jina langu liko kwenu, namba yangu iko kwenu, na shilingi 10,000 zangu zimo katika hesabu za kampuni mliyoinunua. Mmechukua ukumbi, viti, simu na orodha ya wateja. Deni lililoandikwa ukurasa uleule wa orodha hiyo ndilo mnalosema si lenu.

Nafundisha somo la biashara, na wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanajua kwamba anayenunua kampuni nzima huchukua mali pamoja na madeni. Tiketi iliyolipiwa kabla ya huduma kutolewa ni deni. Haihitaji wakili kulieleza hilo. Kama mlinunua ukumbi tu bila madeni, basi ilikuwa wajibu wa kampuni zote mbili kututangazia sisi wenye kadi, kabla ya bango kushuka, kwamba tuje tuzitumie au turudishiwe pesa zetu. Katiba ya Kenya, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na huduma, haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa anapopata hasara kutokana na kasoro ya bidhaa au huduma. Tumenyimwa habari na tumepata hasara.

Nataka pia mjue kwa nini ukumbi huu mmoja una uzito kwetu. Mamangu alipokuwa msichana Mombasa, majumba ya sinema yalikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, wakiyaita zanana. Wanawake wa Kiislamu wasiotoka ovyo walipata mchana mmoja wa kuvua mtandio, kucheka na kulia na filamu ya Kihindi, na kurudi nyumbani wakiimba nyimbo ambazo maneno yake hawayajui maana. Kampuni ya zamani iliurudisha utaratibu huo hapa kwetu: kila Jumapili saa kumi alasiri, kina mama na watoto tu, na bawabu mwanamke. Nyinyi mmeufuta, na filamu za Kihindi mmezifuta pamoja nao. Mzee aliyekuwa akituongoza kwa tochi pia hayupo, tumeambiwa ameachishwa. Mzee yule hakumulika uso wa mtu hata siku moja. Aliiinamisha tochi ikamulika sakafu, hatua moja mbele ya miguu yako, akaenda nawe polepole mpaka kitini. Wazee wetu walithubutu kuingia gizani kwa sababu yake.

Mtaniambia kwamba asiyependa anaweza kwenda kwingine. Kwingine wapi? Zamani, aliyechoshwa na ukumbi wa Malindi alipanda matatu hadi Mombasa, kilomita zipatazo 120, akaingia kwenye ukumbi wenu. Kwa kuwaogopa nyinyi, kampuni ya zamani iliweka nusu bei kila Jumatano. Leo kumbi zote mbili ni zenu, na nusu bei ya Jumatano imekufa wiki ileile bango lilipobadilika. Hii ndiyo sababu serikali huingilia ununuzi wa namna hii. Kule Marekani, mwaka 2016, kampuni ya sinema ya AMC ilipoinunua kampuni nyingine ya sinema, Carmike, Wizara ya Haki iliilazimisha iuze kumbi katika maeneo 15 ambako mbili hizo zilikuwa zikigombea watazamaji walewale. Hapa kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 imeipa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya uwezo wa kuidhinisha, kukataa au kuwekea masharti ununuzi wa kampuni, na athari kwa ajira ni moja ya mambo yanayopimwa. Nitawaandikia wanieleze kama ununuzi wenu uliwekewa masharti, na kama kadi zetu na kazi ya yule mzee vilitajwa.

Sisemi ukubwa ni kosa. Lakini ukubwa una hatari zake, na mji mdogo ndio huumia kwanza. Kampuni ya sinema ya Cineworld ya Uingereza iliinunua ile ya Regal ya Marekani mwaka 2018 kwa dola bilioni 3.6, kwa mkopo mkubwa. Korona ikaikuta na mzigo huo mabegani, na Septemba 2022 ikakimbilia mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake. Kumbi kadhaa za Regal zikafungwa. Ikiwa siku moja mtakaa Nairobi kuchagua ukumbi wa kufunga, naogopa mtautazama huu wetu na kuona viti vitupu. Viti hivyo vinaachwa vitupu sasa hivi, kwa bei ya 450 na kwa majibu ya "mfumo hauzitambui."

Ninachotaka ni hiki. Kadi zetu nne zikubaliwe kwa viingilio vyote 40, bila nyongeza ya bei, siku tutakayochagua wenyewe. Shilingi 7,200 tulizolipa Idi Pili zirudishwe kwa chama, kwa namba ileile ya simu mnayonitumia matangazo, kisha muifute namba hiyo kwenye orodha yenu. Sikuwaruhusu kuitumia, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inanipa haki ya kuyakataa matangazo yenu. Wenye kadi za manjano wengine, ambao najua wapo mtaani, watangaziwe kwa bango pale mlangoni kwamba kadi zao ni halali. Maonyesho ya kina mama ya Jumapili nayo tunaomba yarudi. Hilo halimo kwenye risiti, nalisema kama ombi, lakini ni ombi la wanawake wengi na tutaliandikia barua yake na sahihi zetu.

Nawapa siku 14 tangu kuipokea barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, na suala la namba yangu kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Nimeambatisha nakala za kadi zote mbele na nyuma, risiti ya Shaabani, tiketi 16 za Idi Pili na picha ya ujumbe wenu wa matangazo. Kadi zenyewe ninabaki nazo. Jumapili ya kwanza baada ya siku hizo 14, saa kumi alasiri, nitakuja nazo dirishani pamoja na wale wanawake 24 waliokaa barazani, na yule bibi atakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu M. A.
Mweka Hazina, kwa niaba ya chama cha kina mama
Shela, Malindi