Takwimu za ajira zichapishwe pamoja na kipimo chake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako. Kila takwimu mpya za ajira zinapotoka, magazeti huzipanga nchi kama msimamo wa ligi: hii ina asilimia 4 ya wasio na ajira, ile 30. Msomaji haambiwi kila nchi ilimhesabu nani.

Kwa utaratibu wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, asiye na ajira ni mtu ambaye hakufanya kazi ya kipato hata saa moja katika wiki inayochunguzwa, ambaye alitafuta kazi ndani ya wiki nne, na yuko tayari kuianza. Saa moja! Aliyepata kibarua cha asubuhi moja, kisha akashinda bure siku sita, anaandikwa kuwa ana ajira. Na aliyezunguka na bahasha ya vyeti mpaka soli ikaisha, akakata tamaa, huyo hahesabiwi kabisa. Anawekwa nje ya nguvukazi, yaani nje ya hesabu ya walio kazini na wanaotafuta kazi. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu ndiye aliyeumia zaidi.

Tazama Nigeria. Katika robo ya mwisho ya 2020 kiwango rasmi cha ukosefu wa ajira kilikuwa asilimia 33.3, na wakati huo aliyefanya kazi chini ya saa 20 kwa wiki alihesabiwa hana ajira. Mwaka 2023 nchi ikahamia kwenye saa moja, na robo ya kwanza ya mwaka huo ikasomeka asilimia 4.1. Ukiziweka namba hizo pamoja bila maelezo, msomaji ataamini mamilioni ya watu wamepata kazi.

Ujerumani nayo ina hesabu mbili: ya kipimo cha ILO na ya ofisi ya ajira. Ya ofisi ya ajira hutegemea waliojiandikisha, na anayefanya kazi chini ya saa 15 kwa wiki anaweza kubaki kwenye orodha. Afrika Kusini hutangaza kiwango rasmi na kile kipana, kinachowajumuisha walioacha kutafuta.

Tena, pasipo na posho ya wasio na kazi, maskini hawezi kukaa bure. Atauza chochote, atalima popote atakapopata. Kiwango kidogo cha ukosefu wa ajira hapo hakithibitishi kwamba watu wana kazi za kuwalisha.

Ombi langu ni dogo: kila mnapochapisha kiwango hicho, andikeni chini yake saa zilizotumika kupimia, na mkiweke kando yake kile cha waliokata tamaa na wanaotaka saa zaidi za kazi.

Msomaji wako