Mtoto aliyekunywa sumu asitapishwe

Bwana Mhariri,

Hapa Bukavu, mtoto akidhaniwa amekunywa petroli ya taa au soda ya kutengenezea sabuni, majirani hukimbilia maziwa na mafuta ya mawese, wengine wanamtia vidole kooni atapike. Nawaomba wazazi waache jambo hilo. Najua wanafanya kwa upendo, lakini linaua.

Petroli ikipanda tena kooni, huingia kwenye mapafu na kuyaharibu. Soda ile huunguza koo mara ya pili inaporudi. Nayo mafuta yanaweza kuharakisha baadhi ya sumu kuingia mwilini, hasa dawa kadhaa za wadudu. Na mtu aliyezimia asipewe chochote mdomoni, hata maji, kwani atapaliwa.

Mtoe mdomoni mabaki ya sumu. Ikiwa imemwagikia ngozi, mvue nguo na umuoshe kwa maji mengi; jicho nalo lioshwe kwa maji safi kama robo saa. Akizimia lakini anapumua, mlaze ubavu. Kisha ndiyo mbio za hospitali, kwa pikipiki ikibidi, bila kungoja dalili. Chukua na ile chupa au pakiti: muganga akijua ni sumu gani, hapotezi muda kukisia.

Kwa wauzaji wa Kadutu nina ombi moja: msipime petroli wala dawa ya panya katika chupa za maji na za jus. Mtoto hajui kusoma.

Mama wa watoto,
Kadutu, Bukavu