Barua kwa Mama Neema: saa za shamba na saa za kituo

Grand Rapids, Michigan
Julai

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Neema na kwa watoto. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata. Shamba linaanza saa kumi na mbili asubuhi, kituo cha malezi ya watoto kinafunguliwa saa moja na nusu, na katikati hapo kitindamimba wako anabaki na binti wa jirani ambaye naye ni mtoto. Unauliza kama mzazi mgeni anaruhusiwa kusema. Anaruhusiwa, tena zaidi ya kusema: katika Head Start ya wafanyakazi wa mashambani, ile programu ya serikali ya malezi na elimu ya watoto wadogo inayoendesha kituo chenu, mzazi anapiga kura, na nguvu hiyo imeandikwa kwenye sheria.

Kwanza imarisha nafasi za watoto wako, maana wajumbe wengi wa Baraza la Sera, linaloamua mambo ya programu, lazima wawe wazazi ambao watoto wao wameandikishwa wakati huo. Programu hii ilianza 1969, miaka minne baada ya Head Start yenyewe, kwa ajili ya familia zinazofuata mavuno. Mwaka 1998 ziliongezwa familia zinazofanya kazi za msimu bila kuhama. Ninyi mmehama kutoka Texas kwa ajili ya kazi ya shamba, na miaka miwili haijapita, kwa hiyo mko kundi la wahamaji. Dada zetu wanaoishi hapa mjini, wanaokwenda kuchuma matofaa na kurudi jioni, wako kundi la msimu, nao waombe. Tangu 2024 inatosha awepo mtu mmoja katika familia ambaye kipato chake hasa kinatoka kwenye kilimo, hata kama kimezidi kile kiwango cha umaskini. Wengi waliwahi kukataliwa kwa sababu ya kiwango hicho na hawakurudi kuuliza. Waambie warudi.

Karatasi za malipo zinazokuja na cheki msizitupe. Kama nyapara hatoi karatasi, mweleze anayewaandikisha. Ushahidi mwingine ukikosekana, maelezo yaliyotiwa saini na familia yanaweza kupokelewa.

Sasa suala la saa. Kila programu inatakiwa kufanya tathmini ya jamii inayohudumia na kuipitia upya kila mwaka, na miongoni mwa mambo ya kuangaliwa ni ratiba za kazi za wazazi. Hapo ndipo pa kushika. Ukisimama mkutanoni ukasema "kituo kinachelewa kufunguliwa," watakuitikia kwa heshima na mambo yatabaki vilevile. Ukileta daftari lenye familia zote za kambi, mkurugenzi ana kitu cha kuingiza kwenye tathmini na kwenye bajeti.

Chora daftari hivi: familia (namba inatosha, wengine wanaogopa kuandikwa majina), umri wa kila mtoto kwa miezi, zao, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa ya kutoka kambini, saa ya kurudi, na nani anabaki na mtoto katikati. Andika saa kwa hesabu ya Wamarekani. Ukiandika 11:30 ukimaanisha saa kumi na moja na nusu alfajiri, wao watasoma karibu na adhuhuri na daftari lote litaonekana halina maana. Andika 5:30 asubuhi. Na usiandike saa ileile kwa msimu mzima: siku za joto buluberi huchumwa mapema, na asubuhi ya umande au mvua watu husubiri matunda yakauke. Andika saa ya kawaida, kisha ile ya mapema kabisa.

Umri kwa miezi una sababu yake. Kwa watoto walio chini ya miezi 36, mwalimu mmoja haruhusiwi kubeba zaidi ya wanne, na kwa walimu wawili kundi ni wanane. Chumba cha miaka minne kinaweza kufika watoto 20 kwa mwalimu na msaidizi wake. Kwa hiyo wachanga wanane wanaofika alfajiri wanahitaji watu wawili tangu mlango unapofunguliwa, na mishahara ya hao ndiyo gharama kubwa ya kuongeza saa. Mimi ningeomba kwanza chumba kimoja cha wachanga na kimoja cha wakubwa vifunguliwe mapema, si kituo kizima. Ombi la namna hiyo linahesabika, na ni vigumu kulikataa kwa neno "hatuna fedha" peke yake. Ongeza kifungua kinywa: mtoto anayefika asubuhi bila kula anatakiwa apewe chakula, na anayekaa saa sita au zaidi anapata kituoni kati ya nusu na theluthi mbili za mahitaji yake ya lishe ya siku.

Pa kulipeleka ombi ni pawili, usipachanganye. Kamati ya Wazazi ni ya kituo chenu, inashauri. Baraza la Sera ni la programu nzima. Wazazi wanachaguliwa na wazazi wenzao kwa muhula wa mwaka mmoja, na mtu haruhusiwi kuzidisha mihula mitano. Baraza ndilo linalopitisha vigezo vya kuandikisha watoto, maombi ya fedha na bajeti. Anzia kwenye kamati, ombi liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, ndipo mwakilishi alipeleke barazani. Lisipoandikwa, ukihama Oktoba limekufa. Nauli na malezi ya mtoto wakati wa kikao visikuzuie. Programu inatakiwa kumrudishia mjumbe mwenye kipato kidogo gharama hizo za lazima.

Watu wa kituo wamezoea kwamba kila mtu wa shambani anasema Kihispania, na wakisikia tumetoka Kongo wanaita mkalimani wa Kifaransa. Waambie mapema, kwa maandishi: Kiswahili. Neema asikutafsirie, mambo ya hospitali na makuzi si mzigo wa mtoto. Kipimo cha makuzi nacho kifanywe kwa lugha anayoizungumza, la sivyo mtoto mwenye akili timamu ataandikwa amechelewa kusema.

Ukiweza, ombeni pia mama mmoja wa kwetu aajiriwe. Programu inatakiwa kuwafikiria wazazi wa sasa na wa zamani wanaoomba kazi na wana sifa. Kwa mwalimu wa wachanga cheti cha chini ni CDA, cheti cha ulezi wa watoto wadogo: saa 120 za mafunzo na saa 480 za kazi na watoto. Kule Florida, RCMA, shirika la malezi ya watoto wa wafanyakazi wa mashambani lililoanzishwa 1965, lilikuwa na vituo vyenye nafasi lakini akina mama hawakuleta watoto mpaka walipoajiriwa wanawake wa makambini wenyewe. Mama hamwachi mtoto kwa mtu asiyeelewana naye, na sioni kosa lake.

Kuhusu Bunge la Marekani, ambalo hupanga fedha hizi kila mwaka: wafanyakazi wa kituo hawawezi kutumia fedha za programu kumshawishi mbunge, lakini wewe unaweza kumwandikia kwa jina lako hata kama si raia. Ukurasa mmoja unatosha: zao, saa, watoto wangapi hawana nafasi.

Mwisho, makaratasi ya Oktoba. Kipimo cha makuzi hufanywa ndani ya siku 45 tangu mtoto aanze, au siku 30 kama programu inaendeshwa siku 90 au pungufu. Uliza tarehe leo, na matokeo uyachukue mkononi. Mtoto akionekana anahitaji msaada, hapa Michigan atapelekwa Early On, huduma ya jimbo kwa watoto wadogo wanaochelewa kukua, kama hajafika miaka mitatu. Mpango wake wa huduma uondoke nao, maana Texas wana ofisi zao na wasipouona wataanza upya. Chanjo za hapa kliniki inaweza kukuchapishia kutoka MCIR, daftari la chanjo la jimbo la Michigan. Texas haitunzi rekodi hizo bila idhini ya mzazi, kwa hiyo za huko huenda zisionekane kwenye kompyuta. Piga simu ile kliniki yenu ya zamani sasa, kabla mtoto hajachomwa tena sindano alizokwisha kuchomwa.

Nitumie picha ya daftari kwa WhatsApp likishafika familia kumi, tulipange pamoja kabla ya kikao.

Wako,
Mama Imani