Kabla ya kununua dawa, mtazameni kuku aliyekufa

Ndugu Mhariri,

Kuku wa nyumbani wakianza kufa, jibu la kwanza analopewa mfugaji ni jina la dawa. Mmoja humtajia oksitetrasaiklini, mwingine tailosini, wa tatu humshauri achanganye zote mbili kwenye maji, nazo zote ni antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria. Hakuna anayemuuliza kuku hao wana umri gani, wamekufa wangapi kwa muda gani, wala tumboni mwao mna nini. Nakuomba, kila gazeti lako linapojibu maswali ya wafugaji, maswali hayo yatangulie jina la dawa.

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, husababishwa na virusi. Kadhalika gumboro, ndui na mareksi. Antibiotiki haiui virusi hata ikiongezwa dozi. Anayeimwaga kwenye maji ya kuku wenye mdondo hupoteza siku ambazo angezitumia kuwatenga walio wazima, na zaidi ya hapo anafuta ushahidi: maabara ikijaribu kuotesha bakteria kutoka kwenye ini la kuku aliyekwisha kunyweshwa dawa, mara nyingi haipati kitu, hata kama bakteria ndio waliomuua. Mayai nayo hubaki na masalia ya dawa, na watu wanayala.

Uchunguzi uanze na mwendo wa vifo. Banda likipoteza kuku wa rika zote ndani ya siku 2 au 3, fikiria mdondo, mafua ya ndege, sumu au joto kali. Wakifa mmoja mmoja wiki hadi wiki, tazama upande wa homa ya matumbo ya kuku, mareksi, minyoo au matatizo ya utagaji. Umri nao huchuja sana. Vifaranga wa wiki 3 hadi 6 wanaojikunyata na kuharisha damu mara nyingi wana koksidiosisi, ugonjwa wa utumbo unaoletwa na vimelea. Wa umri huohuo wanaotetemeka na kuharisha majimaji meupe huenda wana gumboro. Temba, yaani kuku jike ambaye hajaanza kutaga, anayelala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma ashukiwe mareksi.

Shingo huwapotosha wengi. Shingo inayojipinda huku kuku akizunguka au kurudi kinyumenyume inaelekea mdondo. Shingo iliyolegea kabisa, kichwa kimelala chini na manyoya yanang'oka kwa urahisi, ni dalili ya botulizimu, yaani kulemazwa na sumu ya bakteria: kuku amekula funza waliotoka kwenye mzoga, au mzoga wenyewe. Hapo tiba ya kwanza ni kuusaka huo mzoga, chini ya banda au vichakani, na kuuondoa.

Kisha mzoga wa kuku mwenyewe. Lakini kuna hali moja ambayo hutakiwi kumpasua: kuku wengi wamekufa ghafla, vichwa vimevimba, upanga na ndevu vimegeuka rangi ya zambarau. Hayo yanaweza kuwa mafua ya ndege, ambayo huambukiza binadamu. Mjulishe daktari wa mifugo, usihamishe kuku hata mmoja, usichinje, usiuze. Kuwauza haraka waliobaki "kabla hawajafa" ndiko kunakosambaza mdondo pia, na anayefanya hivyo anampelekea mwenzake msiba.

Hali hiyo isipokuwepo, vaa glavu na barakoa, lowesha manyoya kwa maji ya sabuni ili vumbi lisiruke, mlaze chali. Kata ngozi kati ya paja na tumbo pande zote mbili, sukuma mapaja chini hadi nyonga ziachie, naye atatulia bila kuyumba. Kata nyama chini ya ncha ya kidari, pandisha kwenye mbavu kulia na kushoto kuelekea mabegani, kisha inua kidari chote kama kifuniko. Tazama kwanza, usishike. Utumbo ufunguliwe mwisho, kwa kuwa kinyesi huchafua vingine vyote.

Ini zima lina rangi ya hudhurungi iliyokolea na kingo kali. Likiwa kubwa, lenye rangi ya shaba inayovutia kijani, na bandama nayo imevimba, shuku homa ya matumbo. Likiwa na vidoa vyeupe vidogo mno vilivyotapakaa, huenda ni kipindupindu cha kuku, ambacho panya na paka wanaweza kukibeba. Ini la njano linalokatika ovyo, na damu imeganda juu yake huku tumbo limejaa mafuta, linaonyesha kuku aliyelishwa kupita kiasi. Hakuna cha kuambukiza wengine. Ukikuta kiini cha yai kimemwagika tumboni na kunuka, yai lilikosa njia yake, na kwa kawaida tatizo hilo ni la kuku huyo peke yake. Uvimbe mweupe kwenye ini, bandama au ovari hukurudisha kwenye mareksi au lukosisi, ugonjwa mwingine wa virusi unaoleta uvimbe.

Fungua tumbo dogo lililo kabla ya firigisi: vidonda vya damu humo huashiria mdondo, ingawa mafua ya ndege nayo huviacha. Vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo vikijaa damu, ni koksidiosisi, na hapo amproliamu hufaa. Ila ukiacha matandiko yakiwa yameloa, ugonjwa utarudi, kwa sababu mayai ya vimelea hivyo hukomaa kwa siku 1 hadi 2 tu penye joto na unyevu.

Hata jicho lililozoea haliwezi kuthibitisha kila kitu. Kwa maabara, peleka mzoga ndani ya saa 24, ukiwa umefungwa katika mifuko miwili na kuzungukwa na barafu, karibu nyuzi 4 za Selsiasi. Usiugandishe, kwani barafu ikiunda ndani ya nyama huharibu kile kinachotazamwa kwa hadubini. Kuku mgonjwa aliye hai, ambaye bado hajapewa dawa, ni sampuli bora kuliko mzoga wa tangu jana. Andika umri, idadi ya waliopo na waliokufa, chakula kilichobadilishwa, kuku wapya walioingia, chanjo na tarehe zake.

Usisahau kuingia bandani usiku na tochi. Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa za fito za kulalia, usiku hunyonya damu. Kuku mwenye upanga uliopauka anaweza kufa kwa kuishiwa damu huku mfugaji akitafuta ugonjwa wa tumbo. Nusa pia mahindi: yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, nayo hushambulia ini.

Mwisho, "nilichanja na bado wamekufa." Chanjo haimwokoi kuku aliyekwisha kuambukizwa kabla ya kuchanjwa, na aliyewahi kuugua gumboro akiwa kifaranga huitikia chanjo kwa unyonge. Chanjo nyingi za mdondo hutaka kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi tangu kiwandani, na klorini ya maji ya bomba huziua. Anayechanjia kwenye maji ya kunywa atumie maji yasiyo na klorini, aongeze gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, awanyime kuku maji kwa muda mfupi kabla, na wayamalize ndani ya saa 2. I-2, chanjo ya mdondo inayostahimili joto zaidi, hutolewa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3.

Msomaji wako.