Kabla Sijakutumia Kasha la Babu Yako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na mama yako naye ameisoma. Nimefurahi sana kusikia kwamba unataka kulichukua kasha la sarafu na noti alizokusanya marehemu babu yako, kwa kuwa katika ninyi nyote wewe ndiye uliyekuwa ukiuliza habari zake. Lakini uliposema kwamba zikifika huko Tanga utazisugua kwa limau na majivu ili zing'ae, nimeona nikuandikie kwanza.

Tafadhali usizisugue. Ile rangi ya hudhurungi iliyotanda juu ya sarafu za shaba si uchafu; ni tabaka jembamba linalojijenga polepole shaba inapokutana na hewa, na ndilo linaloikinga isiendelee kuliwa. Limau hulila tabaka hilo pamoja na mistari midogo ya mchoro, na majivu hukwangua kinachobaki. Chukua senti hamsini ya mwaka 1966, miongoni mwa sarafu za kwanza za Benki Kuu yetu, uigeuzegeuze kwenye mwanga wa dirishani: sungura wake bado ana mistari ya manyoya. Chukua na shilingi ya mwaka huohuo, uvitazame vidole vilivyoushika Mwenge. Mistari hiyo ikishafutika hakuna fundi wa kuirudisha, na mkusanyaji mzoefu huitambua sarafu iliyosuguliwa kwa kuitupia jicho tu.

Hapa Dodoma adui mkubwa ni vumbi, ambalo kwa kweli ni mchanga mwembamba, na ukilifuta kwa kitambaa kikavu linaacha mikwaruzo. Ndiyo maana babu yako alikuwa akilipuliza tu, hasa kwenye ile senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1942, ambayo vumbi hupenda kujikusanya kando ya tundu lake, kwenye zile pembe mbili za ndovu. Mchwa nao walimfanya asiweke kasha chini hata siku moja. Huko Tanga taabu yako itakuwa unyevu na chumvi ya bahari, vitu ambavyo sarafu hizi hazijavizoea. Weka ndani ya kasha vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe mara kwa mara. Usizitie kwenye plastiki laini yenye harufu kali, kwa sababu huvujisha mafuta yanayoacha ute wa kijani juu ya shaba. Sarafu ishike kwa ukingo, kamwe usiiguse usoni, maana jasho la kidole huacha alama.

Noti nimeziweka kwenye albamu, zimenyooka. Usizipige pasi, na iliyochanika usiiunge kwa selotepu. Benki Kuu ilipotangaza kwamba noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, jamaa walinisihi nizipeleke zote. Nilizibakiza zile zilizo safi, nikijua kwamba baada ya tarehe hiyo hazingenunua hata kiberiti, na ninaamini nilifanya vyema.

Kitu cha thamani kuliko vyote humo ndani, kwa maoni yangu, ni daftari ambamo babu yako aliandika sarafu zilikotoka. Utaikuta heller 20 ya mwaka 1916, sarafu ya enzi ya utawala wa Wajerumani, ya shaba ya njano, imeumbwa kwa haraka hata maandishi yake hayakukaa sawa. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: meli za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza kufika, basi Wajerumani wakaanza kuzipiga wenyewe palepale Tabora. Walitengeneza pia rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, na dhahabu yake ilitoka Sekenke, huku kwetu kanda ya kati. Hiyo ya tembo babu yako hakuwahi kuwa nayo, nawe usihangaike kuinunua, kwani nakala za bandia ni nyingi. Hii ya shaba alipewa na mama mmoja wa Manyoni wakati akiwa karani wa stesheni, naye akaandika siku, mahali na maneno ya yule mama kwamba mumewe alilipwa nayo ujira wa upagazi. Bila ukurasa ule, ingekuwa heller kama heller nyingine. Basi nawe kila utakachoongeza, hata ikiwa ni chenji uliyorudishiwa sokoni, kiandikie kilikotoka siku hiyohiyo, kabla hujasahau.

Kasha sitalipakia kwenye basi peke yake. Dada yako atakuja nalo likizo ya Desemba. Kabla ya hapo tafuta kabati lisiloegemea ukuta wa nje na lisilopigwa na jua, kwa sababu jua hufifisha wino wa noti, kisha uniandikie kwamba umelipata.

Ni mimi baba yako,
Dodoma