Kobe hajala, leo siku ya tisa

Maweni, Malindi
Ijumaa, baada ya adhuhuri

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, Mama mzima ila lile goti, watoto wazima, jua tu ndilo linalotuadhibu. Najua deni la barua ni langu. Tangu arusi ya Mwanaisha sijakuandikia, na yale maneno mawili matatu ya simuni siyahesabu. Niwie radhi. Leo nimekaa kitako kwa sababu nina jambo linalonikosesha usingizi, na wewe ndiye uliyenijia moyoni kwanza, maana kwenu mlifuga kila chenye roho.

Nina kobe. Si kasa, usije ukafikiri nimechukua kitu baharini. Kobe wa nyika, mwenye gamba la manjano lenye mabaka meusi. Ali alimkuta Langobaya mwezi wa kumi na mbili, kwenye kibanda cha mtu kando ya barabara. Ametobolewa ukingo wa gamba, tunduni mna waya, na waya umefungwa mguu wa benchi. Mbele yake pana ugali mkavu. Mwenyewe alisema ni wa bahati. Ali alimsihi mpaka jua likainama, kisha akamwambia kwa upole kwamba sheria ya wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Hapo ndipo waya ulipokatwa. Kesho yake tukaenda kwa askari wa wanyamapori tukawaeleza. Wakasema tukae naye kidonda kipone, kisha watatwambia pa kumrudisha.

Lile tundu, Zuhura! Watu wanadhani gamba ni kama ukucha, ukilitoboa haliumi. Gamba ni mfupa, limeungana na mbavu na uti wa mgongo, lina damu na linahisi. Nilipokuwa nikilisafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemka yakapoa, kila pamba ilipogusa alikuwa anavuta mguu ndani na kutoa pumzi, "hsss", kama mtu aliyekanyaga mwiba. Sasa pamekauka, pamefanya ukingo mgumu mweupe. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Mtoto wa jirani alimpa jina Mzee, kwa ajili ya yule kobe wa Haller Park, Mombasa, aliyefanya urafiki na Owen, kiboko aliyeokolewa huku kwetu Malindi wakati wa tsunami ya 2004. Nikamwambia yule ni kobe wa Aldabra, huko Shelisheli, mkubwa kama meza, na huyu wetu hata kilo tano hafiki. Halafu tukamtazama chini ya tumbo: bapa, na mkia mfupi. Ni jike. Kwa hiyo sasa ni Bi Mzee, na ameitikia jina hilo kama alivyoitikia la kwanza, yaani hakuitikia.

Alikuwa anakula vizuri mno. Ukoka, kongwe, mpungate niliouchoma miiba, ua moja moja. Matunda simpi ila kidogo sana, na ugali, mkate na nyama hata kuonja haonji, tumbo lake ni la majani. Ali humwokotea pwani ule mfupa mweupe wa ngisi unaotupwa na mawimbi, anautafuna apate chokaa ya gamba. Nimemchimbia shimo chini ya mwarobaini, juu nimemwezekea makuti. Asubuhi hutoka akaota jua, maana bila jua gamba halikazi, na ikifika saa nne huyoo, anarudi kivulini. Kaskazi ya mwaka huu unaijua. Saa saba mchanga wa uani haukanyagiki, na kobe hana jasho la kumpoza. Akipinduka chali juani wakati huo, ndiyo mwisho wake.

Sasa ndipo ninapotaka unisikilize. Siku tisa zilizopita nilikwenda sokoni. Nyuma, watoto wakamnyanyua juu kuonyeshana. Akaogopa, akamwaga maji yote. Walicheka, wakasema amekojoa kama mtoto mchanga. Mimi niliporudi nikaona ule mchanga umelowa nikahisi miguu imeniisha nguvu. Yale si mkojo tu. Kobe hubeba maji kwenye kibofu kama sisi tunavyoweka dumu la akiba, na wakati wa ukame ndiyo anayoishi nayo. Sikuwapiga watoto, hawakujua. Lakini tangu siku hiyo hajala hata jani.

Kila asubuhi namtia kwenye karai, maji ya uvuguvugu yasimpite kidevu, robo saa au zaidi kidogo. Maji ya kisima chetu yana chumvi, basi nanunua dumu la maji ya mfereji, na wiki hii mfereji wenyewe umetoka mara mbili tu. Nimeinama hapo, nimemtazama mpaka shingo inaniuma. Kwanza hakai sawa, anakwaruza ukingo wa karai. Halafu anatulia. Anashusha kichwa mpaka pua inazama, na ngozi ya koo inaanza kupanda na kushuka, polepole. Anakunywa! Siku ya kwanza alitoa ule uchafu mweupe wa mkojo ukiwa na chembechembe kama chokaa iliyoganda, ndiyo dalili ya kiu. Juzi ulikuwa laini, kama mtindi. Kwa hiyo maji yanaingia. Chakula ndicho kisichoingia.

Nimempeleka dukani kwa Shee Badi, ndani ya beseni bila kumnyanyua mwilini, akapimwa kwenye mizani ya mchele. Mwezi uliopita alikuwa kilo nne na gramu mia mbili. Juzi, kilo nne na gramu hamsini. Macho hayakuvimba, pua haitoi povu, hahemi kinywa wazi. Amekaa tu shimoni, kichwa chini. Mama anasema niache kuhangaika, kobe akiinama anatunga sheria. Baadaye usiku nilimkuta Mama huyo huyo, na goti lake, ameinama na kurunzi anammwagia maji kwenye udongo wa shimo upate ubaridi. Nilipomtazama akanikumbusha yule mtu wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake amnyweshe mbwa mwenye kiu.

Ali anasema labda ni joto. Kobe wa aina hii halali kwa baridi kama wa Ulaya, lakini ukame ukizidi hujificha akatulia siku nyingi. Huenda. Lakini mbona imeanza siku ileile?

Na jambo jingine, amekuja msimamizi wa nyumba moja ya wageni upande wa pwani, anataka nimuuzie elfu tano awekwe bustanini. Nimemwambia huyu si wangu wa kuuza, kisha nikafunga mlango. Alirudi tena jana.

Nataka arudi kwao, Zuhura, mvua za masika zikianza na majani yakichipua, si sasa kwenye vumbi. Ila pale alipotoka, Ali anasema pamechomwa makaa, hapana kichaka. Nikamkumbuka ami yako. Je, bado hajakifyeka kile kichaka chake cha upande wa Langobaya, kilicho karibu na korongo? Mle mna kobe wengine? Anachoma majani kila mwaka? Atakubali askari waje watazame? Wao ndio watakaoamua, lakini sitaki kwenda mikono mitupu. Na yule kobe wa bibi yako, aliwahi kukaa siku ngapi bila kula wakati wa kaskazi? Mlikuwa mnampa nini arudiwe na hamu? Tena, wale wa hospitali ya punda hapo Lamu, unaweza kuwauliza kama wanamjua daktari anayeelewa kobe, huku Malindi au hata Mombasa? Waeleze habari ya uzito, usisahau.

Barua anakuletea Athman, anapanda basi la alfajiri mpaka Mokowe. Anarudi Jumanne. Tafadhali asirudi bila jibu, Ramadhani haijaingia.

Wasalaam,
Mwanajuma

Magharibi hii nimempima tena. Kilo nne na gramu hamsini, vilevile. Haikushuka.