Barua ya wazi kwa mdogo wangu: kabla hujawapandisha watoto botini

Mdogo wangu,

Nimeisoma orodha yako ya safari. Kofia, vitafunio, spika, midoli, na mwisho kabisa "majaketi ya watoto". Hayo majaketi yapandishe juu kabisa, tena usinunue mawili yanayofanana. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu na yule wa miaka 3 hawavai jaketi la aina moja.

Jaketi la kuokolea huchaguliwa kwa uzito. Wapime wote wawili kwenye mizani, halafu dukani soma lebo iliyoshonwa ndani. Saizi ndogo kabisa kwa kawaida huishia kilo 13 au 14, inayofuata huishia kama kilo 23. Ukikuta alama ya nyutoni 50 (nyutoni ni kipimo cha nguvu ya jaketi kumwelesha mtu), rudisha rafuni: hilo ni la mtu anayejua kuogelea. Kwa hawa tafuta 100 au zaidi. La kujijaza hewa si la umri wao, na maboya ya mikononi ni midoli tu.

Kwa yule mtoto mdogo kagua vitu vitatu. Cha kwanza ni kola nene nyuma ya shingo: kichwa cha mtoto ni kizito kulingana na mwili wake, na hiyo kola ndiyo inayosaidia uso ubaki juu. Cha pili ni mkanda unaopita katikati ya miguu. Bila huo, mtoto huteleza chini na jaketi likabaki linaelea peke yake. Cha tatu ni kishikio imara juu ya kola, cha kumnyakulia majini. Rangi iwe ya chungwa, njano au waridi kali. Bluu na nyeupe hupendeza dukani, majini hazionekani.

Kisha mvishe, funga kila mkanda, shika jaketi mabegani ulivute juu. Likipanda hadi masikioni au kidevu kikizama ndani, ni kubwa. Ile tabia ya kununua nguo kubwa ili mtoto akue nayo haifai hapa. Likipita jaribio hilo, mwingize kwenye maji ya kina kifupi ukiwa umemshika, umwachie kidogo kidogo. Wapo watoto wanaopiga mateke hadi wakageuka kifudifudi hata ndani ya jaketi zuri; wa kwako akiwa hivyo, jaribu muundo mwingine. Afadhali pia alie na kulizoea siku hiyo kuliko siku ya safari. Baadaye usilikalie wala kulikausha motoni, sponji huharibika.

Livaliwe kabla ya kukanyaga gati, livuliwe mkisharudi na kuliacha gati nyuma yenu. Watu huwa macho mawimbi yakiwa makubwa. Boti ikifungwa au ikitia nanga, kila mtu hushika soda yake na mtoto hana mwangalizi. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Huenda kimya, na anaweza kupotea chini ndani ya dakika moja. Kwa hiyo mteue mtu mzima mmoja, kwa jina, asiye nahodha, asiyekunywa pombe, asiye na simu mkononi. Mpokezane kila dakika 20 hivi, na anayepokea aseme kwa sauti kwamba amepokea. "Tupo wengi, tutawaangalia" maana yake hakuna anayeangalia.

Boti ikienda, watoto wakae ndani, chini, si omo, yaani mbele kabisa ya boti, huku miguu inaning'inia. Anayeanguka kutoka omo hupitiwa na boti nzima, mwishowe propela. Tezini, yaani nyuma ya boti, nako kuna propela na moshi. Gia huru haitoshi: injini izimwe kabisa kabla mtu hajashuka majini au kupanda, na msiiwashe kabla ya kuhesabu vichwa. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa injini, haina harufu, na hujikusanya tezini na kibandani, hasa injini ikinguruma boti imesimama, au upepo ukitoka nyuma. Mtoto akilegea, akasinzia au akatapika, usikimbilie kusema ni kichefuchefu cha mawimbi. Mtoe kwenye hewa safi kwanza. Kibandani weka king'ora cha gesi hiyo kilichotengenezwa kwa ajili ya boti.

Wavu kwenye reli za pembeni unasaidia, lakini mtoto wa miaka 3 huugeuza ngazi, na jua huulegeza, kwa hiyo uvute kwa nguvu kila mara kabla ya kuuamini. Usimfunge mtoto kwenye boti ndogo inayoweza kupinduka. Kiti cha gari usikifunge botini kabisa, na usimbebe mtoto kwa mbeleko: mkianguka, mnazama pamoja. Mifuniko ya ngama (chini kabisa ndani ya boti, maji yanapojikusanya) na ya betri ifungwe. Kwenye gati lenye umeme asiogelee mtu, hasa maji yakiwa hayana chumvi, maana umeme ukivuja humlemaza mwogeleaji akazama.

Akianguka, aliyemwona apige kelele, amnyooshee kidole na asimwondolee macho hata mara moja. Wa pili arushe boya. Nahodha atoe gia papo hapo, ageuze tezi mbali na mtoto, arudi polepole akiuelekea upepo, azime injini kabla ya kumfikia. Anayelazimika kuruka awe na jaketi lake mwilini. Mtoto akiwa hapumui, anzeni na pumzi, kwa sababu kinachomuua ni kukosa hewa: miongozo ya Ulaya huanza na pumzi 5, ya Marekani na 2, kisha mibano 30 ya kifua kwa kila pumzi 2. Tumbo lisikandwe ili "kutoa maji". Mtoto hutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Hata akizinduka na kulia vizuri, geuzeni boti muende hospitali. Kikohozi kisichoisha, kupumua kwa shida au usingizi usio wa kawaida huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.